Je, Raia wa Kawaida Anaweza Kushuhudia Kikao cha Parole?

Swali: Je, mtu asiye na uhusiano na mfungwa anaweza kufuatilia kikao cha parole nchini Uingereza?

Jibu: Parole, yaani utaratibu wa kumwachilia mfungwa kabla ya kumaliza kifungo ili amalizie muda uliobaki uraiani chini ya masharti na uangalizi, husimamiwa katika England na Wales na Bodi ya Parole, ambayo kwa zaidi ya miaka 50 ilifanya vikao vyake faraghani. Mabadiliko ya kanuni ya mwaka 2022 yaliruhusu kikao kuwa cha wazi pale tu maslahi ya haki yanapodai hivyo, na vikao vya namna hiyo vimebaki vichache mno.

Hata kinapofunguliwa, mtazamaji haketi chumba kimoja na mfungwa: kikao cha mfungwa Charles Bronson cha Machi 2023 kilifanyika ndani ya gereza la Woodhill, ilhali wanahabari na raia walikifuatilia kwa video wakiwa London. Mtazamaji haulizi wala hatoi maoni, na ushahidi wa siri husikilizwa bila yeye, kwa hiyo si haki kumlaumu anayeshangazwa na uamuzi. La kuzingatia zaidi ni kwamba jopo la Bodi halipimi upya hatia wala adhabu, mambo yaliyokwisha kuamuliwa na mahakama, bali huuliza kama kuendelea kumfunga mtu huyo bado ni lazima kwa usalama wa umma. Ndiyo maana saa nyingi huishia kwenye maelezo ya wanasaikolojia na maofisa wa uangalizi, na anayetarajia mabishano makali ya mawakili huchoka mapema. Uamuzi nao hutolewa baadaye, kwa maandishi.