Kuishi pasipo feza: Bambuti na Babira wa Ituri

Mtu wa mjini akiona njaa, hutwaa feza, huenda sokoni, hununua unga na samaki. Akikosa feza, hulala njaa. Kwa hiyo watoto wengi hufikiri kwamba pasipo feza watu hawawezi kuishi. Lakini katika mwitu wa Ituri, kaskazini-mashariki ya Kongo, Bambuti waliishi tangu zamani pasipo kushika hata franka moja. Je, waliishije?

Bambuti ni watu wafupi wa kimo na wawindaji hodari. Zamani hawakulima mashamba. Walijenga vibanda vya fito na majani ya mwituni, wakakaa mahali pamoja majuma machache, kisha wakahama kufuata nyama.

Tazameni namna wanavyowinda kwa nyavu. Wanaume hutandika nyavu zao, moja karibu na nyingine, mpaka zinakuwa kama ukuta mrefu uliopinda. Wanawake na watoto huzunguka upande wa pili, hupiga kelele na kuchapa vichaka. Mboloko, yule paa mdogo wa mwituni, hushtuka, hukimbia, na gafula ananaswa.

Sasa kambi ina nyama. Lakini mwituni kuna joto na unyevu, na nyama huoza upesi. Kuikausha juu ya moto kunasaidia siku chache tu. Mwindaji aiweke wapi? Hana sanduku, wala duka halipo. Basi, nyama inagawanywa. Mwenye wavu anapata fungu lake, waliomsaidia wanapata yao, hata mzee asiyeweza kukimbia anakula. Kesho wavu wa mwingine utanasa, naye atagawa. Hivi gala ya mwindaji ni jirani yake.

Hata hivyo mwitu hautoi vyote. Hautoi kisu, wala shoka, wala chungu, wala chumvi. Vitu hivi vilikuwa kijijini, kwa Babira. Babira ni wakulima: wanapanda ndizi, mihogo, mpunga na karanga. Wao nao walihitaji nyama. Basi Bambuti walileta nyama, asali, uyoga na majani ya kuezekea nyumba. Wake zao walisaidia kazi ya mashamba. Babira waliwapa ndizi, unga, chumvi na vyuma vya mikuki. Mara nyingi jamaa moja ya Bambuti ilikuwa na jamaa yake moja kijijini, na urafiki huo ulitoka kwa baba ukafika kwa mtoto.

Kazi hiyo haikumalizika kila mara siku ileile. Sikieni mfano. Mbuti mmoja analeta paja la mboloko kwa rafiki yake. Rafiki anasema: «Ndugu yangu, ndizi zangu hazijakomaa.» Mbuti anajibu: «Si kitu, ndugu. Kula na watoto.» Anaacha nyama, anarudi mwituni. Mwezi unapita. Mvua inanyesha sana, nyavu zinarudi tupu, watoto kambini wanalia njaa. Mbuti anakwenda kijijini mikono mitupu. Hakuna karatasi iliyoandikwa, hakuna shahidi. Mwenye shamba angeweza kusema: «Sikumbuki.» Lakini anakata mikungu miwili, anamtwika. Kwa nini? Anajua kwamba akikana deni leo, kesho hataona nyama mlangoni pake.

Si wote waliokuwa waaminifu. Wanakijiji wengine waliwazarau Bambuti, wakawapa unga kidogo kwa nyama nyingi. Bambuti hawakuwa na tarafa ya kuwashitaki. Walifunga mizigo yao usiku, wakaingia mwituni, wakatafuta rafiki katika kijiji kingine. Hapo mwenye hila alibaki na ndizi zake, lakini mboga hana.

Baada ya mwaka 1950 wachuuzi walianza kuingia mpaka kambini. Walibeba unga na mchele, wakabadilisha kwa nyama, wakaenda kuiuza kwa watu wa mijini. Polepole feza ikafika pia. Leo Bambuti wengi wanaitumia, na wengi wanakaa karibu na barabara. Feza ina faida: inanunua dawa, inalipa daftari la mtoto, nayo haiozi kama nyama. Lakini ina hatari yake. Nyama ikienda yote kwa mchuuzi, yule mzee wa kambi atakula nini? Feza inaweza kufichwa mfukoni. Nyama iliyogawanywa haifichwi.

Basi wazee wa mwituni wanatufundisha jambo moja. Asiye na feza anaweza kuishi, akiwa na jirani na jirani akiwa na neno la kweli. Lakini asiyeaminiwa na mtu, hata mfuko wake ukijaa, siku ya shida atakuwa peke yake.

Maulizo

1. Kwa nini mwindaji hawezi kuweka nyama siku nyingi?
2. Taja vitu vitatu vilivyotoka mwituni, na vitatu vilivyotoka kijijini.
3. Mwenye shamba alilipaje deni lake? Angekana, ingekuwaje?
4. Bambuti walifanya nini walipopunjwa?
5. Kwenu nyumbani, ni vitu gani mnavyopeana na majirani pasipo feza? Andika mistari mitano.