Filta ya tangi la mbuna: usiiamini namba ya boksi

Matema, upande wa mashariki, mchanga unapokoma na Milima ya Livingstone kuanza kuzama ziwani, mawimbi hupiga mawe kutwa kucha. Huko ndiko wanakoishi mbuna, samaki wadogo wanaokwangua mwani maweni. Ukitaka kuwafuga sebuleni Kyela, una nafuu kuliko mfugaji wa samaki wa bahari: huhitaji chumvi, wala mashine ya kutoa povu.

Shida ni kwamba mbuna ni wagomvi. Wakiwa wachache, mbabe humwandama mmoja hadi amuue. Ndiyo maana hufugwa wengi pamoja, ugomvi usambae. Wengi maana yake kinyesi kingi, na kinyesi huzaa amonia. Maji ya Ziwa Nyasa yana pH ya takriban 7.7 hadi 8.6, na pH ikipanda, amonia huzidi kuwa sumu.

Kwa hiyo tafuta filta inayozungusha maji yote ya tangi walau mara 5 kwa saa. Mimi ningependa 8. Tangi la lita 200 linataka lita 1,000 kwa saa, za kweli. Namba ya kwenye boksi hupimwa pampu ikiwa tupu, bila sponji wala kimo cha kupandisha maji. Pima mwenyewe: elekeza mpira wa kurudishia maji kwenye ndoo ya lita 10, kwa kimo kilekile cha tangi. Ikijaa kwa sekunde 36, umepata lita 1,000. Ikichukua dakika nzima, ni 600 tu, hata muuzaji aseme nini.

Kuhusu aina, nisingenunua filta moja kubwa. Filta ya kopo inayokaa nje husafisha vizuri sana, ila umeme ukikatika kwa saa kadhaa, bakteria waliomo hukosa hewa na kuanza kufa. Ukiiwasha hivyohivyo, uchafu wote unawarudia samaki. Ifungue, uisuuze kwanza. Ongeza filta ya sponji ndani ya tangi, ikiendeshwa na pampu ya hewa ya betri. Ni ya bei ndogo, na ndiyo itakayookoa samaki usiku wa giza. Pampu hiyo iwe juu ya usawa wa maji, au mpira wake uwe na valvu, la sivyo maji yatarudi hadi kwenye mota.

Joto la Kyela nalo hupunguza oksijeni majini, basi elekeza mkondo juu, uso wa maji utikisike. Kisha chungulia nyuma ya mawe: mabaki ya chakula yanapojikusanya, mkondo haufiki. Sogeza mawe kabla ya kununua pampu nyingine.

Filta mpya huchukua wiki 4 hadi 6 kupata bakteria wa kutosha, hivyo ongeza samaki kidogo kidogo. Sponji isuuzwe kwa maji uliyoyatoa tangini, si ya bomba yenye klorini.