Neno "Shibolethi"

Wasomaji wetu wamezoea kulisikia neno hili likisomwa katika Waamuzi 12, lakini wachache huuliza maana yake. Twapenda kulieleza kidogo, kwa kuwa limesafiri mbali sana toka vivuko vya Yordani.

Kwa Kiebrania ni suke la nafaka. Masuke aliyoyaona Farao katika ndoto yake, na yale aliyokwenda Ruthu kuyaokota, yaitwa kwa neno hilo hilo. Tena katika Zaburi ya 69 ni mkondo wa maji mengi. Na wengine hudhani watu wa Gileadi waliikusudia maana hii, kwa kuwa walisimama mtoni. Lakini siku ile maana haikuwa na kazi. Walichosikiliza ni sauti ya kwanza tu. Mtoro wa Efraimu alipolikana kabila lake, aliambiwa alitamke neno. Ulimi wake haukuiweza "sh", akasema "Sibolethi", akauawa pale pale. Waefraimu walioanguka wakati ule ni 42,000. Nao hawakuwa wageni: Gileadi alikuwa mjukuu wa Manase, nduguye Efraimu, wote uzao wa Yusufu.

Wafasiri wa Kiyunani walipata taabu hapa, kwani Kiyunani hakina "sh". Nakala moja ya kale yaandika "suke". Nyingine yaandika "sunthema", yaani neno la mapatano, kama walinzi wapeanavyo usiku. Hivyo neno likaacha shamba, likawa alama ya kujuana.

Katika Kiingereza likaendelea mbele. Huko ni neno la siri, tena ni usemi wa chama, ambao watu huurudia ili wajulikane kuwa wa upande fulani, hata wasipoufikiri. Maana hii ya pili, kwa maoni yetu, yafaa kuangaliwa sana katika sharika, kwa kuwa haimwagi damu, na kwa hiyo haimshtui mtu.

Wala ile ya kwanza haikuishia Yordani. Mwaka wa 1937 askari wa Trujillo, mtawala wa Jamhuri ya Dominika, waliwaua maelfu ya Wahaiti. Husimuliwa kwamba waliwaonyesha jani la "perejil", kiungo cha mchuzi, wakaisikiliza ile "r".

Mwalimu afundishaye sura hii asome pia Mathayo 26:73, Petro alipotambulikana kwa usemi wake. Na kama darasani wamo wachekwao kwa kuchanganya "l" na "r", awaulize hao kwanza waonavyo.