Kukosa, Kukosea na Kutoelewana



Katika somo la Kiingereza tumefundishwa silabi moja ndogo, "mis-". Ukiibandika mwanzoni mwa kitenzi, kitendo kinaharibika: "misunderstand", "mishear", "misjudge". Wenzangu wengi husema ati Kiswahili ni maskini kwa sababu hakina kiambishi kama hicho. Nimelichunguza jambo hili nikaona sivyo. Kiswahili huliweka kosa ndani ya mnyambuliko, na hapo ndipo tunapojua nani amemfanyia nani nini.

Hebu tutazame kitenzi kosa. Aliyemtafuta rafiki yake pale stendi ya matatu asimwone husema, "Nilikukosa." Mtoto aliyevunja sahani husimama mbele ya mamake na kusema, "Nimekosa." Kitenzi ni kile kile, lakini wa kwanza hana hatia yoyote! Ongeza kauli ya kutendea upate "umekosea nambari", tunavyoambiwa kwenye simu, na hapo hakuna anayekasirika sana. Lakini sema "umenikosea" uone uso wa mtu unavyobadilika. Ni hiyo silabi -ni- tu iliyoingia. Kukosana nako ni kugombana. Halafu kuna kukosoa, lenye umbo la kutendua kama kufungua na kuchomoa. Mwalimu akikosoa insha huwa analitoa kosa nje, ingawa wino mwekundu unauma.

Mtu akimhukumu mwenzake visivyo, tuna kudhania: "Nilimdhania mgeni, kumbe ni mwenyeji." Hilo kumbe Kiingereza hakina neno moja la kulitosha. Linakiri kwamba fikira ya kwanza ilikuwa potovu na papo hapo linaleta iliyo kweli.

Sasa nije kwa neno linalonisumbua. "Misunderstanding" wengi hulitafsiri "kutoelewana". Jamani, -ana ni kauli ya kutendana. Lazima wawe wawili, na lawama igawanywe nusu kwa nusu. Jirani yetu mmoja alikatwa mshahara wa siku sita alizofanya kazi. Alipouliza, aliandikiwa barua ya Kiingereza kwamba kulikuwa na "misunderstanding". Mwanawe akamsomea, "Wanasema kulikuwa na kutoelewana." Mama yule akashtuka, "Mimi nimegombana na nani?" Akaogopa hata kurudi kudai haki yake, asije akaonekana mkorofi. Kumbe karani alikuwa amesoma vibaya tarehe katika daftari la kazi. Barua ingesema "tulikosea kusoma tarehe zako", mama angekwenda kesho yake kuchukua pesa zake. Tangu Katiba ya 2010 Kiswahili ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza, kwa hivyo barua za namna hiyo zitazidi kuandikwa kwa Kiswahili, na watakaoziandika ni sisi.

Kuna mfano mzito zaidi, nao ni wa hapa Uasin Gishu. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wakiwemo akina mama na watoto. Sisi hatukuwa tumezaliwa. Lakini nimewasikia watu wazima wakiziita siku zile "wakati wa kutoelewana". Wale watoto walikuwa hawaelewani na nani? Hapo mimi nakataa. Aliyechoma alitenda na aliyechomwa alitendwa, na sarufi yetu ina kauli ya kila mmoja.

Limebaki "error of judgment", ambalo wakubwa hulipenda sana wakishikwa. Wengine hutafsiri "kosa la uamuzi", na hapo aliyeamua hatajwi. Wengine husema "nilighafilika" au "nilipitiwa". Hili la kupitiwa linanichekesha, maana ni kauli ya kutendewa: ati kuna kitu kilipita juu yake, yeye alikuwa amekaa tu! Linafaa kwa aliyesahau chumvi kwenye mboga. Kwa aliyetia sahihi karatasi afisini, mimi ningechagua "niliamua vibaya", kwa sababu ile ni- ya nafsi imesimama pale mwanzoni, haina pa kujificha. Nina hakika wengine wenu mna neno bora kuliko langu. Lileteni kwenye mkutano wa chama tubishane.