Ngiri Zisizojionyesha: Ya Kufanya na ya Kutofanya kwa Tabibu wa Zamu

Usimpime mtu juu ya khanga. Anayetapika huku tumbo limejaa, vuta pazia, mwite muuguzi, fungua mpaka kinena. Pande zote mbili.

Mpime amesimama kwanza, ndipo alale. Mwambie akohoe. Ngiri nyingine hurudi ndani mara tu mgonjwa anapopanda kitandani.

Akikuonyesha kwa kidole kimoja panapouma, chini kidogo ya kitovu, pembezoni mwa msuli wima wa tumbo, usikimbilie dawa za vidonda vya tumbo. Ngiri ya Spieghel hutoboa tabaka za ndani ikajilaza chini ya utando wa msuli wa nje. Mkono huenda usiguse kitu. Omba ultrasaundi, na mgonjwa akaze tumbo anapopimwa. Picha ya mtu aliyelala ametulia haitoshi.

Bibi mwembamba, mwenye uzazi mwingi, anatapika, tena analalamikia goti: usimwandikie diklofenaki. Hapo huenda utumbo umepenya tundu la obtureta nyongani, ukabana neva ya paja la ndani. Mwamkie, umweleze unachotaka kufanya, kisha ushike mguu wake: unyooshe, utanue kidogo, ugeuze kwa ndani. Maumivu yakishuka mpaka gotini, na akiukunja anapata nafuu, hiyo ni dalili ya Howship na Romberg. Isipoonekana usijipe moyo, maana wengi hawana. Pima kwa kidole ukeni au njia ya haja kubwa. Palipo na CT scan, apigwe. Pasipo na mashine, mwamshe daktari wa upasuaji usiku huohuo. Mimi niliwahi kusubiri kukuche. Tulipofungua, utumbo ulikuwa mweusi.

Usipasue mtoki kabla hujajua kuwa ni mtoki, hasa kwa mwanamke. Ngiri ya paja hukaa palepale, nayo hujikaba upesi. Ndani yake, au ndani ya ngiri ya kinena, unaweza hata kukuta kidole tumbo: mwaka 1735, London, Claudius Amyand alimpasua mtoto wa miaka 11 mwenye ngiri ya kinena, akakikuta kimetobolewa na pini.

Uvimbe laini mgongoni, kati ya ubavu wa mwisho na nyonga, usiuite mafuta mpaka umemkohoza mgonjwa: huenda ni ngiri. Wala usiukate kwenye chumba cha vidonda.

Usiulize “umepata choo?” ukaridhika. Katika ngiri ya Richter hunaswa upande mmoja tu wa ukuta wa utumbo. Mgonjwa anajamba, anakwenda choo, na ukuta unakufa.

Ngiri ambayo ngozi yake imebadilika rangi, au ya mgonjwa mwenye homa, usiisukume ndani. Unarudisha uozo tumboni.

Andika kwenye faili: “Kinena kimepimwa, kulia na kushoto.” Kama hukupima, usiandike.