Mche Mwema Huanzia Katika Udongo Ulio Hai



Je, umepata kuhamisha mche wa kijani kutoka kitaluni wakati wa masika, na kabla ya Agosti ukawa manjano ukafa? Wengi husema, "Mbegu ilikuwa mbaya." Lakini mara nyingi mche ule ulikosa wenzake wa kuusaidia.

Wenzake ni kuvu za udongoni, jamaa za uyoga. Nyuzi zake nyembamba hushikamana na mizizi, zikapenya mahali mzizi usipofika, zikauletea mti maji na chakula cha ardhi, hasa fosforasi. Mti nao hulipa kwa sukari inayotengenezwa na majani. Ushirika huu wataalamu huuita mikoriza. Mwembe, mkorosho na mvinje yote huishi hivyo. Katika mchanga wetu wa Likoni na Kisauni, usioweka maji, msaada huo si mdogo.

Tazama Bamburi. Mwaka 1971 Bwana René Haller alianza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji, palipobaki mwamba mtupu wa matumbawe. Mvinje ulistahimili, maana mizizi yake huishi pamoja na viumbe vidogo vinavyoupatia chakula kutoka hewani. Majani yake yalipoanguka, jongoo walioletwa pale waliyatafuna, na kinyesi chao kikawa mboji. Leo pale pana msitu. Viumbe hai ndivyo vilivyotengeneza udongo.

Nawe fanya hivi:

1. Rundika samadi kivulini kwa muda wa miezi mitatu, ukiigeuza na kuitilia maji. Iliyoiva haina joto wala harufu kali. Mwaka wangu wa kwanza nilitia samadi mbichi. Miche ikaungua, nami nikalilaumu jua bure.

2. Changanya ndoo 3 za udongo wa juu, 1 ya samadi iliyoiva na 1 ya mchanga. Usitumie mchanga wa baharini, una chumvi.

3. Nenda chini ya mti mkubwa wa aina ile ile, wenye afya. Ondoa majani makavu, uchote udongo wenye mizizi myembamba. Tia konzi moja katika kila kifuko, karibu na mbegu. Chini ya mti mgonjwa usichukue kitu, utabeba ugonjwa.

4. Usizidishe mbolea ya dukani yenye fosforasi. Mche ukishibishwa sana huwakataa wenzake.

Usiniamini kwa maneno tu. Panda vifuko 10 vyenye udongo wa mti mkubwa, na 10 visivyo nao. Vyote vipate maji sawa na kivuli sawa. Pima urefu wa miche kila mwezi, uandike daftarini.

Maswali: (a) Kuvu hupata nini kutoka kwa mti? (b) Kwa nini samadi mbichi ni adui wa mche? (c) Katika shamba lako, ni mti gani mkubwa utakaochukua udongo chini yake?