MAHARAGI YANAPOGEUKA KUWA UTAMU



Ndoo ya makombo ku chumba cha kulia inajaa maharagi kila juma. Hayakuharibika. Tunayatupa juu tumeyachoka, na mimi kapita ninayaona. Basi leo tujifunze juu ya watu wanaoyapika kwa siku kuu.

Mu Japani kuna haragi dogo jekundu, jina lake azuki. Wataalamu wa mimea wanaliweka mu jenasi moja na kunde zetu, yaani Vigna. Kwa hiyo kunde ni ndugu yake wa karibu kuliko haragi letu la kawaida, lile lilitoka Amerika zamani. Azuki inapikwa na sukari mpaka inakuwa kitu kizito cha kujaza ndani ya vyakula vitamu, wanakiita anko. Wanakitia ndani ya manju, ni keki ndogo za kupikwa na mvuke, tena ndani ya mochi, ni wali wa kunata uliotwangwa mu kinu.

Sasa, mtu atauliza: maharagi yakipondwa, mbona hayanati kama bugali? Swali zuri. Mahindi yakisagwa, wanga unatoka inje ya chembe zake. Ukikutana na maji ya moto unavimba na kushikana. Ndani ya haragi wanga unabaki umefungwa. Protini inayouzunguka inaganda mbele wanga haujavimba sana, na chembe zinaachana nzima nzima. Ndiyo maana anko ni laini lakini si gundi.

Kazi yenyewe ni ya uvumilivu. Maji ya kwanza yakichemka, wanayamwaga, sababu yanabeba ukakasi wa maganda. Wanatia maji mapya, wanapika mpaka haragi linapondeka kwa vidole viwili. Hapo tu ndipo sukari inaingia. Ukiitia mapema, maharagi yanakataa kulainika, hata umalize kuni zote. Wengine wanaacha maganda. Wengine wanachuja, wanakamua mu kitambaa, kisha wanarudisha ku moto na sukari.

Manju ilitoka China, na kule ilikuwa na nyama ndani. Watawa wa Budha hawakula nyama, basi wakatia maharagi pahali pake. Kuna utamu mwingine, yokani, ni anko iliyogandishwa na kitu kinachotoka ku mwani wa bahari. Jina lake likiandikwa maana yake ni mchuzi wa kondoo! Kondoo mwenyewe hayumo hata kidogo.

Lakini mimi ninampenda zaidi Kimura Yasubei. Alikuwa samurai, kisha akawa mwoka mikate mu Tokyo. Wajapani wengi hawakuzoea mkate, kwao ulikuwa kitu cha wageni. Mwaka wa 1874 yeye na watu wa nyumba yake wakatia anko ndani ya mkate, na chachu yao ilikuwa ile ya pombe ya mchele. Tarehe 4 Aprili 1875 mkate huo, anpani, ulipelekwa kwa mfalme Meiji, na ua la mcheri lililotiwa chumvi juu yake. Duka la Kimura lingali linauza mpaka leo.

Na sisi je? Tusisahau kwamba bugali ya mahindi ina upungufu wa lisini, ambayo mwili unahitaji kwa kujijenga, na maharagi yanayo. Anayemwaga maharagi anamwaga nyama yake.

Kwa kujaribu: kilo moja ya maharagi makavu inataka karibu kilo moja ya sukari. Hapo ndipo shida, sababu sukari yetu inavuka mpaka kutoka Uganda na bei si ya mwanafunzi. Anza na kikombe kimoja cha kunde na kikombe kasoro cha sukari. Ikiwa nzito na imepoa, fungia kijiko kimoja ndani ya unga wa mandazi, bana vizuri, halafu kaanga. Atakayefaulu wa kwanza alete mawili kwa kapita.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho